Miwani, kontakti au leza: wa Kigoma asiyeona mbali achague ipi?

Ukishaambiwa tu macho yako hayaoni mbali, washauri wanajaa. Shangazi anakwambia usivae miwani itakulemaza macho, jamaa wa kijiweni anakwambia kontakti lenzi (zile za kuvaa juu ya jicho lenyewe) zinapotelea nyuma ya jicho (haziwezi, ile ngozi laini ya ndani ya kope imeungana na jicho lenyewe, huko nyuma hakuna njia), na lazima atokee mmoja mwenye ndugu yake Dar aliyefanya leza akagawa miwani yake. Wote wanaongea kwa nia njema ila hakuna anayekuuliza namba yako ni ngapi, una miaka mingapi na unafanya kazi gani, wakati hayo ndo yanaamua. Mi navaa miwani tangu sekondari, kontakti nimewahi kuvaa, leza sijafanya ila nimeipigia mahesabu mpaka ya nauli. Naandika nikiwa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, kwa ajili ya watu wa huku ambao kitu cha macho kikizidi kidogo wanaambiwa "hiyo mpaka Dar".

SHIDA INATOKA WAPI

Kwa ufupi jicho limerefuka. La mtu mzima lina kama milimita 24 toka mbele mpaka nyuma, likizidi hapo (au kile kioo cha mbele, konea, kikiwa kimebinuka sana) mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina kule nyuma ambako picha inatakiwa kutua, matokeo yake vya karibu unaviona vizuri, vya mbali vinakuwa ukungu. Milimita moja tu ya kuzidi inatosha kukupa minasi (namba ya miwani ya asiyeona mbali) mbili na nusu mpaka tatu. Na hiyo namba inasomeka kirahisi sana, chukua mita moja gawa kwa namba yako: wa minasi moja anaona safi mpaka mita moja, wa minasi mbili mpaka nusu mita, wa minasi nne mpaka sentimita 25, kupita hapo ukungu umeanza. Ndo maana wa minasi moja anaweza kukaa miaka hajijui, kazi kupungia mkono watu asiowafahamu pale stendi, wakati wa minasi nne hata sura ya anayekula naye sahani moja haioni vizuri.

Kinachorefusha jicho kwanza ni kurithi. Mzazi mmoja akiwa haoni mbali uwezekano wa mtoto unapanda, wakiwa wote wawili unapanda zaidi. Halafu kuna kazi za karibu za muda mrefu, kusoma, kuandika, simu, na kuna hili ambalo watu wengi hawalijui, kukosa mwanga wa nje mchana. Huko Guangzhou, China, kuna shule za msingi ziliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na baada ya miaka 3 watoto walioanza kutoona mbali kwenye shule hizo walikuwa asilimia 30 hivi, kwenye zile ambazo hazikuongezewa walikaribia asilimia 40. Hiyo ilitangazwa 2015. Kwa hiyo yule mtoto anayeshinda Kibirizi anacheza mpira mchangani hapotezi muda kama tunavyodhani, na yule wa bweni anayetoka darasani anaingia prepo, akitoka prepo anaingia tuisheni, yeye ndo wa kuangaliwa.

Sasa ya kitaani. Karoti na mawese havirudishi namba nyuma. Mawese yetu haya mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ikikosekana mtu haoni usiku na kioo cha jicho kinaweza kuharibika kabisa, kwa hiyo endelea kuyapika, ila jicho lililorefuka halifupishwi na mboga. Asali ya Tabora nayo kaa nayo kwenye chai, kuidondoshea jichoni ni kutafuta vidonda. Mazoezi ya kuzungusha macho sijui na miwani yenye vitobo ya mtandaoni, hela yako.

Jambo moja la haraka kabla sijaingia kwenye ulinganisho. Mtu mzima ambaye alikuwa anaona mbali vizuri halafu ghafla haoni, huyo asikimbilie duka la miwani, akapime sukari. Sukari ikipanda inavimbisha lenzi ya ndani ya jicho namba inayumba, leo hivi kesho vile. Na mzee anayefurahi kwamba siku hizi anasoma Kurani au Biblia bila miwani ila msikiti ng'ambo ya barabara hauoni, mara nyingi huyo ni mtoto wa jicho anaanza.

VITU NITAKAVYOPIMIA

Nitaziuliza zote tatu maswali yale yale. Inakupa nini na haikupi nini. Inamfaa nani kwa umri na kwa namba. Hela ya siku ya kwanza ni ngapi na hela ya kuendelea nayo ni ngapi (watu wanaisahau hii ya pili). Itaishi vipi na vumbi la Juni mpaka Septemba, na ziwa, na maji ya bomba yanayokuja yakijisikia. Na mwisho, ikienda vibaya inaenda vibaya kiasi gani.

Lakini hakuna cha kuchagua kama hujapimwa na mtu wa macho kweli. Maweni ni hospitali ya rufaa ya mkoa, anzia hapo. Kupimwa kwenyewe kuko hivi: unavalishwa fremu moja nzito ya chuma haina vioo, mtaalamu anachomeka lenzi moja moja, jicho moja limezibwa, anakuuliza "hii au hii?", anageuza, "na sasa?", mpaka ile mistari midogo ya chini ya ubao wa herufi inasomeka. Usione aibu kusema hazitofautiani, ukianza kubahatisha ili umalize haraka unaondoka na namba ya kubahatisha. Mtoto inabidi awekewe kwanza matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, maana watoto wanakaza macho bila kujua na kipimo kinatoa minasi ambayo haipo au inayozidi. Ukiwa nyumbani unaweza kujaribu kitu kidogo, toboa karatasi ngumu kwa sindano, chungulia kwa hako katobo kitu cha mbali. Kikiwa safi zaidi kuliko bila karatasi, shida yako huenda ni ya lenzi na itasaidika, kisipobadilika kabisa wahi hospitali kuna jingine. Haka katobo hakakupi namba lakini.

MIWANI

Inakupa kuona, siku hiyo hiyo unayoikabidhiwa. Haikupi jicho jipya, ukiivua ukungu uko pale pale. Na hapa ndo ile hadithi ya kulemaza macho inapozaliwa, kwa sababu ukishazoea kuona safi ule ukungu wa zamani unakukera, ukijumlisha na kwamba namba ya kijana inapanda yenyewe kila mwaka, miwani inabebeshwa lawama. Miwani haikuzi namba kama kiatu kisivyokuza mguu wa mtoto, mguu unakua wenyewe kiatu ndo kinabadilishwa. Mama yangu mdogo wa Ujiji alikuwa na binti anayenakili kila kitu toka daftari la jirani, tulivyomshauri miwani akanijibu, "Mwanangu, ukimvalisha saa hizi atazoea, atashindwa kuishi bila miwani." Nikamwambia mama, mbona ameshashindwa, ubao hauoni. Na ule ujanja wa kuomba "namba ndogo kidogo ili macho yasizoee" uacheni, kuna utafiti ulifanyika Malaysia watoto waliopewa pungufu namba zao ndo zilipanda haraka zaidi.

Nani inamfaa, karibu kila mtu, mtoto wa miaka minne mpaka babu, minasi nusu mpaka minasi kumi na kitu. Shida inaanza namba zikiwa kubwa, vioo vinakuwa vinene pembeni na macho yanaonekana madogo kama ya samaki. Dawa yake ni fremu ndogo ya duara ambayo jicho linakaa katikati, pamoja na lenzi zile nyembamba za bei juu. Fremu pana za fasheni kwa mtu wa minasi saba ni kujitesa, muuzaji anajua ila hakwambii. Mtoto mchukulie vioo vya polikaboneti visivyopasuka ovyo.

Hela: ya mwanzo ndo ndogo kuliko zote tatu, na ukishalipa umemaliza mpaka namba ibadilike au uikalie. Kama una bima uliza dirishani kabla hujaanza kuchagua fremu, vifurushi vinatofautiana. Utaongezewa maneno mengi pale dukani. Lenzi za kupunguza mng'aro zinafaa kwa anayeendesha usiku, za kubadilika rangi juani ni starehe tu kwa jua letu hili na sio mbaya, ila za kuzuia mwanga wa bluu wa simu usizilipie zaidi kwa imani kwamba macho hayatachoka, uchambuzi mkubwa wa tafiti wa 2023 haukuona tofauti ya maana.

Kwa mazingira yetu miwani inavumilia. Vumbi linakaa kwenye kioo badala ya kuingia jichoni, hiyo faida kwa boda wa Mwanga kwenda Gungu siwezi kuidharau. Ila kinachoua miwani huku ni kufuta kwa ncha ya kanga au tisheti ikiwa kavu, ule mchanga mwekundu unakwangua kioo baada ya miezi unaona kila taa ina miba. Mwagia maji kwanza, ndo ufute kwa kitambaa laini. Mvua, jasho, mvuke wa chungu cha ubwabwa, hayo ni ya kuzoea. Ikienda vibaya kubwa zaidi ni kuvunjika, au kutengenezewa namba siyo na kichwa kikauma wiki nzima, unarudi wanabadilisha. Jicho halidhuriki. Hapo ndo hakuna anayeigusa.

KONTAKTI

Kinachokuja kichwani kwa wengi ni urembo, lakini kontakti ina sababu nzito zaidi ya hiyo. Inakaa juu ya kioo cha jicho chenyewe, inatembea na jicho, unaona pembeni zote bila fremu, wa namba kubwa vitu vinarudi ukubwa wake wa kawaida. Mtu ambaye jicho moja ni minasi moja na la pili minasi sita miwani inamchanganya, picha mbili za ukubwa tofauti zinagoma kuungana, kontakti inamtatulia. Na wale ambao kioo cha jicho kimechongoka kama koni, lenzi ngumu ndo zinawapa macho pale ambapo miwani imeshindwa. Kama miwani tu, ukivua umerudi ulikotoka.

Inamfaa mtu mwenye nidhamu. Sijasema mwenye umri fulani, kuna mtoto wa miaka 12 anazitunza kuliko baba yake. Nawa mikono kwa sabuni, kausha, ndo uguse. Usilale nazo hata kama aliyekuuzia anasema hizi ni za kulalia. Za siku moja zinatupwa jioni, za mwezi zinalala kwenye dawa yake mpya kila usiku, dawa ya jana inamwagwa haiongezewi juu, na kikopo chenyewe kinabadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Maji ya bomba hapana, ya kisima hapana, ya kuchemsha hapana, mate ndo kabisa. Ndani ya maji kuna kimelea kinaitwa akanthamiba, kikiingia chini ya lenzi kinakula kioo cha jicho taratibu, na matibabu yake ni ya miezi na maumivu yake sio ya kusimulia.

Shemeji yangu anavua dagaa Katonga, kaniambia, "Shem, hii miwani ikirushiwa maji sioni kitu, nitafutie zile za ndani." Nilimkatalia palepale. Fikiria giza lile wanalovulia, mwezi haupo, mikono ina magamba na mafuta ya injini, maji ya Tanganyika yanaruka usoni usiku kucha, halafu lenzi inamsumbua inabidi aitoe akiwa katikati ya ziwa. Nikamwambia funga miwani kwa kamba nyuma ya kichwa, weka kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni, utafuta. Hakufurahi ila ndo hivyo. Kuogelea nazo vile vile usithubutu, hata kama ni pale ufukweni maji yanaonekana mpaka chini.

Vumbi nalo, punje moja ikiingia chini ya lenzi ukiwa nyuma ya bodaboda njia ya Kasulu utalia machozi ya kweli. Mi zilinishinda hapo, nilikuwa navaa kwenye harusi na mechi tu, siku nyingine narudi kwenye miwani. Na hela yake ni ya kutoboka kidogo kidogo, lenzi mpya, dawa, kikopo, na bado unahitaji miwani ya akiba kwa siku ambayo jicho limechoka. Huku kwetu mara nyingi zinaagizwa, dawa ikiisha Kigoma hamna unasubiri basi, na anayesubiri ndo anaanza kuloweka kwenye maji ya chumvi ya kutengeneza jikoni. Uliza upatikanaji wa dawa kwanza kabla ya bei ya lenzi.

Kitu kingine, karatasi ya vipimo ya miwani usiipeleke kununulia kontakti. Ukipita minasi nne namba ya kontakti inakuwa tofauti na ya miwani kwa sababu ya ule umbali wa kioo na jicho, tena lazima upimwe mbinuko wa jicho ili lenzi ikae. Zile za rangi zinazouzwa saluni pamoja na kope, macho ya kijani sijui ya paka, sina la kuongeza zaidi ya kwamba usivae. Jicho likiwa jekundu, linauma na mwanga linaukimbia, toa lenzi nenda hospitali siku hiyo hiyo usianze na matone ya duka la dawa, kidonda cha kioo cha jicho kikipona kinaacha kovu na kovu ndo upofu wenyewe. Hatari hii ni ndogo kwa anayefuata masharti, ila ni hatari ambayo miwani haina.

LEZA

Hapa leza inachonga kile kioo cha mbele kipungue mbinuko, picha irudi kutua kwenye retina. Kuna ya kufunua kifuniko chembamba, leza ikapita, kikarudishwa (hii ndo LASIK maarufu), kuna ya kukwangua ngozi ya juu tu bila kufunua, hiyo inauma siku kadhaa na kuona kunarudi polepole ila inafaa kwa wenye konea nyembamba kidogo. Kazi yenyewe ni dakika chache kila jicho, upo macho, umewekewa ganzi ya matone. Wengi wanatoka wanaona bila miwani na ni kweli maisha yanabadilika, sitaki kuibania sifa yake.

Lakini jicho linabaki refu. Mwenye minasi nane akifanyiwa leza, retina yake bado imevutika kama ya minasi nane, bado anatakiwa kuchekiwa ndani ya jicho maisha yote. Hili wengi hawaambiwi wakati wa kulipa.

Inamfaa mtu wa miaka 18 kwenda juu (wengi wanapendekeza uvuke 21) ambaye namba yake haijahama kwa angalau mwaka, asiye mjamzito wala anayenyonyesha, konea yake nene ya kutosha, haina umbo la koni, na macho sio makavu sana. Namba zikizidi sana konea haitoshi kuchongwa, hao wanawekewa lenzi ndani ya jicho, operesheni nyingine kabisa na bei nyingine. Na mwenye miaka arobaini na kitu akae chini afikiri: saa hizi unavua miwani unasoma meseji vizuri, ukichongwa uone mbali utahitaji miwani ya kusomea kama wenzio wote wa rika lako. Umebadilisha miwani kwa miwani.

Hela yake inaongelewa kwa mamilioni, mara moja. Wauzaji wanakupigia hesabu ya miwani ya miaka ishirini wanakuonyesha leza ni rahisi, haya, kwa mtu wa Dar inawezekana. Wa Kigoma ongeza vitu vyake. Reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, unaenda kupimwa ufae kwanza na unaweza kuambiwa hufai ukarudi, kama unavaa kontakti laini uziache wiki moja au mbili kabla ya vipimo, ukishafanyiwa unaonwa kesho yake, unaonwa tena baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Nani anakupokea muda wote huo, mtaji wa duka unashikwa na nani. Usifanye ukarudi na basi siku ya pili, likitokea la kutokea uko Uvinza, aliyekufungua jicho yuko Dar.

Vumbi na ziwa vinakuwa marufuku kwa wiki kadhaa, unalala na ngao za macho, hukuni macho hata yakiwasha. Ukavu wa macho ni kawaida kwa miezi ya mwanzo, kwa wachache unabaki. Usiku taa zinaweza kuwa na duara la mng'aro kuzizunguka, kwa dereva wa lori au mvuvi wa taa hilo ni jambo la kuuliza mapema, kwa mwalimu wa mchana sio sana. Ikienda vibaya kabisa, ni nadra lakini konea inaweza kulegea na kutokeza mbele baadaye, ndo maana vipimo vya kwanza sio vya kupitia juu juu. Sehemu yoyote itakayokwambia unafaa kabla haijakupima ramani ya konea, shika begi lako.

MTOTO AMBAYE NAMBA BADO INAPANDA

Mtoto wa shule leza haimhusu. Kwake kuna swali la ziada ambalo watu wazima hatuna, jinsi ya kuizuia namba isikimbie, maana kadri inavyopita minasi sita ndivyo hatari za uzeeni zinavyoongezeka, retina kuchanika, presha ya macho, mtoto wa jicho wa mapema. Miwani ya kawaida inampa kuona ila haipunguzi mbio. Kuna matone ya atropini ya nguvu ndogo sana, yanawekwa usiku kwa miaka, yanapunguza kasi kwa watoto wengi ingawa hayasimamishi. Kuna miwani na kontakti za muundo maalumu kwa kazi hiyo hiyo, bei zake zimechangamka. Ulizia hospitali kubwa, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Muhimbili au CCBRT za Dar. Chonde chonde usinunue atropini ya kawaida ya hospitali ukaizimua mwenyewe, hiyo ina nguvu mara mia ya ile ndogo kabisa, mboni inafunguka, mtoto hawezi kusoma wala kuvumilia jua.

Na ile ya bure, mtoe nje. Kama masaa mawili kwa jumla ya mchana, hata akiwa kivulini anamenya mihogo mwanga ni mwingi kuliko wa darasani. Nje inasaidia zaidi kuzuia isianze kuliko kuipunguza ikishaanza, kwa hiyo wadogo zake wasiovaa miwani ndo utoke nao.

KWA HALI YAKO

Mwanafunzi, yoyote yule: miwani ya namba kamili, apimwe kila mwaka, na kama kila mwaka inaruka nusu au zaidi muulize mtaalamu kuhusu atropini.

Boda, fundi seremala, mkulima, mvuvi, mtu wa vumbi na maji: miwani. Kama hela ipo na namba imetulia leza ifikirie, ila kwa wa kazi za usiku uliza sana kuhusu mng'aro. Kontakti sikushauri.

Unafanya ofisini, maji yapo, mikono safi, unacheza mpira jioni au hupendi miwani kwenye picha: kontakti za siku moja kwa siku chache za wiki, miwani siku zilizobaki. Ukiwa mtu wa kusinzia na viatu kitandani, basi baki na miwani.

Macho mawili yana namba zinazopishana mno, au umeambiwa konea ni koni: kontakti sio anasa kwako, pambana uzipate na ujifunze kuzitunza.

Miaka 22 mpaka 35 hivi, namba haijagusika mwaka mzima, una ndugu wa kukaa kwake Dar karibu mwezi na hela isiyo ya ada ya mtu: kapime ufae, ukifaa amua.

Mjamzito au unanyonyesha: ngoja, hata miwani mpya usiharakishe kama ya zamani bado inakusogeza, namba inaweza kurudi.

Na wewe wa minasi sita kwenda juu, uvae nini ni juu yako, ila ukiona vimulimuli vya ghafla pembeni ya jicho, vidoti vyeusi vingi kwa mpigo au kama pazia linashuka, hiyo usilale nayo. Retina inaweza kuwa inachanika, ikiwahiwa inaokolewa. Nenda Maweni siku hiyo, na wakikwambia Bugando, panda gari.